Mkono Usio na Mwenyewe

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na bango: FREMU NA VIOO, FUNDI NA WANAWE. Neno "wanawe" halisemi kama ni wa kiume au wa kike, kwa hiyo kila aliyelisoma alijijazia mwenyewe, na wote walijaza vilevile. Waliingia wakitarajia vijana wawili watatu wenye misuli, wakamkuta mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imemshuka hadi nchani mwa pua na unga wa mbao umejaa kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Fundi yupo?"

"Marahaba. Yupo."

"Tunaomba kumwona."

"Si unamwona?"

Hapo mgeni alichungulia nyuma ya mlango, akatazama chini ya benchi, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Namaanisha fundi mwenyewe." Naye alijibu kwa upole uleule, "Basi ngoja nimwite." Akaingia chumba cha nyuma, akahesabu hadi kumi, akatoka tena. "Nimekuja. Nikusaidie nini?"

Mtaa mzima walimwita Fremu. Hakuwa na kinyongo na jina hilo. Alisema ni afadhali kuliko kuitwa Gundi.

Marehemu baba yake, aliyeianzisha karakana ile, alijaliwa watoto wawili, yeye na kaka yake. Kaka alipopewa nyundo mara ya kwanza alijigonga kidole gumba. Mara ya pili akagonga cha baba. Mara ya tatu baba akaipokea ile nyundo taratibu na kumwambia, "Mwanangu, wewe tafuta kitu cha kuuza." Kijana akaenda akauza simu, akafanikiwa, na hakuna aliyemlaumu. Msichana yeye alikuwa chini ya benchi tangu hajaota meno ya pili, akiokota vipande na kuvilinganisha. Alipofika miaka kumi aliweza kukata pembe nne zikakutana pasibaki mwanya wa kupitisha hata unywele. Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizitazama zile pembe, akazigeuza, akapitisha kucha kwenye maungio, kisha akamkabidhi msumeno wake mdogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Baba alipofariki, binti alibaki na karakana, na juu ya fremu za kawaida akaongeza za kuchonga, zenye majani, ndege na mawimbi. Sifa zikaenea, lakini zilienea bila yeye. Mwaka mmoja alikuja mwalimu wa sanaa kutoka chuoni, anaandika kitabu kuhusu mafundi stadi. Siku hiyo kaka alikuwa amepita kusalimia, amesimama mlangoni na shati jeupe. Mwalimu akampa kaka patasi mkononi, akapiga picha, akashukuru, akaondoka. Kitabu kilipotoka, kaka alijaza ukurasa mzima, ameshika patasi kichwa chini miguu juu, na chini yake pameandikwa: "Fundi stadi wa kuchonga, pamoja na dada yake anayemsaidia kufagia."

Fremu alicheka hadi machozi yakamtoka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na kibanzi ndani. Akaukata ule ukurasa, akautilia fremu nzuri kuliko zote alizopata kutengeneza, akautundika ukutani, juu kabisa ya ufagio.

Sasa, kanisa la mtaa ule lilikuwa linakaribia kutimiza miaka sitini. Katika chumba cha mkutano cha wazee wa kanisa ilining'inia picha moja kubwa. Wanaume tisa wamesimama mbele ya ukuta unaowafika kiunoni, makoti wameyafunga vifungo vyote, nyuso kavu kama wanaosubiri kung'olewa meno. Chini yake pameandikwa WAASISI. Ingekuwa picha kama picha nyingine za namna hiyo kama si kitu kimoja. Kwenye bega la mtu wa mwisho kulia, Mwenyekiti wa kwanza wa kanisa, palikuwa na mkono. Vidole vinne, kucha zake, kiganja, na kipande cha kifundo. Baada ya hapo ni fremu. Mwenye mkono hakuwapo.

Kwa miaka mingi watu waliuzungumza mkono ule. Watoto wa shule ya Jumapili waliuita Mkono wa Malaika. Wengine walishikilia kuwa ni wa mpiga picha, bila kueleza alisimamaje mbele na pembeni kwa wakati mmoja. Kila mwaka historia ya kanisa iliposomwa, pakafikiwa pale panaposema kwamba mkono wa Mungu ulikuwa pamoja na waasisi wetu tisa, waumini waliitikia kwa vichwa, maana ushahidi ulikuwa umetundikwa ukutani.

Aliyeandika historia hiyo na kuisoma ni Katibu wa kanisa, mtoto wa pekee wa yule Mwenyekiti. Umri wake ulikuwa sawasawa na wa kanisa. Alikuwa mnadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Ndiye aliyeileta picha karakana, ameikumbatia kama mtoto mchanga, maana mchwa walikuwa wamekula fremu upande wa chini na kioo kimepata ufa.

"Fundi, ninataka fremu mpya. Ila picha yenyewe isiguswe."

"Nitabadilije fremu bila kugusa picha, mzee?"

"Iguse kidogo."

"Na nikishaigusa kidogo?"

"Iache," alisema Katibu, akavuta kigoda akakaa. "Nitakuwa hapa nikiangalia. Si kwamba sikuamini."

"Ila huniamini."

"Ila siamini mtu," alijirekebisha Katibu, "hasa kwa mambo ya historia."

Fremu akacheka, akaanza kuranda mbao mpya. Vumbi la mbao ni kitu kisichojua cheo. Katibu alipiga chafya moja, akapiga ya pili, na ilipofika ya kumi na moja, macho yamekuwa mekundu, alisema anatoka kidogo kupata hewa na kikombe cha chai kule ng'ambo ya barabara. "Usifungue mpaka nirudi," aliagiza akiwa mlangoni. Lakini fundi ni fundi. Mchwa walikuwa bado wanatembea ndani ya ile fremu ya zamani, na kila dakika ilikuwa yao.

Akaigeuza picha kifudifudi juu ya kitambaa safi. Akang'oa misumari iliyoota kutu kwa koleo, mmoja mmoja, akainua kadibodi. Nyuma yake, kwa penseli, alikuta maandishi yaliyoinama mbele kama watu wanaotembea dhidi ya upepo. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ulikuwa mwandiko wa baba yake.

*Niliambiwa nikate. Nimekunja.*

Fremu akakaa chini. Alifanya kazi na mtu yule karakana moja kwa miaka ishirini na mitano, wakala sahani moja, wakanoa misumeno kwa tupa moja, na hakuwahi kumsikia akitamka lolote juu ya picha hii. Kisha akainama kuitazama vizuri, na kweli, karatasi ilikuwa imekunjwa. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelazwa nyuma, umelala hapo miaka karibu sitini.

Karatasi kavu ukiilazimisha inavunjika. Akachemsha maji, akaacha mvuke uipitie kwa mbali, akasubiri, akafungua kidogo, akasubiri tena. Ng'ambo ya barabara Katibu aliagiza kikombe cha pili.

Walipotokea, walikuwa wanawake saba.

Walikuwa miguu mitupu, vitambaa kichwani, udongo hadi kwenye viwiko. Mmoja alibeba jiwe, mmoja ndoo. Wanaume walikuwa wamesimama kama wageni wa heshima, na hawa walikuwa wamesimama kama watu walioambiwa "acheni kazi kidogo." Na karibu kabisa na Mwenyekiti alikuwa mwanamke mrefu, anacheka waziwazi, meno nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa begani kwa Mwenyekiti. Wa kushoto ulikuwa umeshika mwiko.

"Haya," alisema Fremu, peke yake. "Karibuni tena."

Katibu aliporudi alisimama mlangoni, akafungua mdomo, akasahau kuufunga.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua."

"Hawa wametoka wapi?"

"Nyuma."

Katibu akasogea. Aliwapita wale wengine bila kuwatazama, akakomea kwa yule mrefu, na rangi ya uso ikambadilika. "Ni nani huyu anayemshika baba yangu bega? Baba yangu hakuwa mtu wa kushikwashikwa na wanawake." Hakungoja jibu. Alitoka mbio, na wanaomjua wanasema hawakuwahi kumwona akikimbia tangu ujana wake.

Alirudi kabla ya saa tisa alasiri akiwa na Mchungaji, kijana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale, na Mtunza Funguo, mzee aliyeshika funguo zote za kanisa na ambaye alipotembea alisikika kabla hajaonekana. Walisimama kuizunguka picha kama madaktari.

"Ni kazi ya simu," Mtunza Funguo alikata shauri. "Siku hizi simu inampa mtu kichwa cha mwenzake. Na kaka yako si anauza simu?"

"Kaka yangu hata picha ya pasipoti hupigiwa, mzee."

"Mbona upande huu ni mweupe kuliko ule?"

"Kwa sababu ulikunjwa. Haukuona mwanga."

"Au umeuosha."

Fremu akageuza kadibodi, akawaonyesha maandishi. Mtunza Funguo akayasoma, akamtazama yeye, akalitazama daftari la kazi lililokuwa wazi juu ya benchi. "Mwandiko huu na wako ni mmoja."

"Ndiye aliyenifundisha kuandika."

"Unaona!" alisema Mtunza Funguo, kana kwamba amemkamata.

Fremu alianza kuelewa shaka ilivyo. Ukiipa jibu, inakula, inanenepa, inaomba lingine. Aliogopa, maana kazi yake yote ilisimama juu ya jina jema la karakana ile, na mtaani neno "ameghushi" husafiri haraka kuliko moshi. Lakini pia, kwa sababu asiyoijua, alitaka kucheka.

"Na hata wangekuwa wa kweli," Mtunza Funguo aliendelea, "huo alioushika ni mwiko wa jikoni. Walikuwa wanawapikia waasisi."

"Na huo udongo wa viwikoni, mzee, ni mchuzi?"

Mchungaji alicheka, akaugeuza mcheko kuwa kikohozi.

"Mwanamke ukimwambia asifungue, anafungua," alisema Mtunza Funguo. "Tangu kule bustanini, mwanzoni. Ndiyo maana dunia iko ilivyo."

"Sawa, mzee. Na asubuhi ile kaburi lilipokutwa wazi, ni akina nani waliodamka kwenda? Na walipoleta habari, ni akina nani walioambiwa wanapayuka?"

Mtunza Funguo akamgeukia Mchungaji apate msaada. "Hilo limo," alisema Mchungaji, akitazama viatu vyake.

Sasa, pale pembeni, nyuma ya rundo la mbao, alikuwapo mtu wa tano ambaye hakuna aliyemsalimu. Ni mama mkwe wake Fremu, bibi wa miaka themanini kasoro kidogo, ambaye mchana alikaa karakana akisokota kamba za kutundikia picha. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi, lakini vidole vyake vilijua kazi.

"Mnabishana nini hapo kama kuku walionyeshewa?" aliuliza. "Picha gani hiyo?"

"Shikamoo bibi," Mchungaji aliitika kwa aibu. "Ni picha ya waasisi wa kanisa."

Kamba ikasimama. "Ile iliyopigwa siku ya jua kali? Kwani ilitoka?"

Wote wanne waligeukia rundo la mbao.

"Mama," alisema Fremu taratibu, "kwa nini isitoke?"

"Si walituambia upande wetu uliungua? Tulisubiri picha ile miezi mitatu. Mwishowe wakasema jua liliingia kwenye mashine, wanaume wamepona, sisi tumeungua."

Ndipo Fremu alipopata wazo. "Mama, kaa hapohapo usisogee. Mzee Katibu, ishike picha wewe, iweke kifuani. Haya, Mama. Tuambie mlisimamaje."

Katibu aliikumbatia picha kama mcheza karata anayeficha karata zake. Bibi alifumba macho, ingawa kufumba na kufumbua kwake kulikuwa sawa.

"Tulikuwa saba. Wa kwanza, karibu na wanaume, ni Mwashi. Wa pili ni yule mpole wa nyumba ya kona, amebeba jiwe, kwa sababu mpiga picha alimwambia aliweke chini akakataa, akasema bila jiwe nani atajua nilifanya kazi. Wa tatu simkumbuki vizuri. Wa nne mimi. Nina ndoo, imetoboka, maji yananichuruzika mguuni, na mtu ameshasema msitikisike, basi nimesimama nimelowa kama mbuzi."

Katibu aliitazama picha, akaitazama kwa muda. "Mguu mmoja ni mweusi zaidi," alisema. "Wa kulia."

"Kwa sababu umelowa. Na wa mwisho, masikini, alipiga chafya. Mpiga picha alikasirika, hakuwa na filamu nyingine. Uso wake mtauona kama ukungu."

Mtunza Funguo alichungulia begani kwa Katibu. Mwanamke wa mwisho hakuwa na uso. Alikuwa na shingo, na juu ya shingo ukungu mdogo mweupe. Funguo zikalia kidogo mkononi mwake, zikanyamaza.

"Huyo Mwashi," Katibu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ni nani?"

Bibi aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Ni wewe, mwanangu? Sikukutambua na kelele zote hizi. Nani mwingine angethubutu kumshika Mwenyekiti bega mbele za watu? Ni mama yako."

Katibu aliishikilia picha kwa mkono mmoja, wa pili ukachomoa kalamu mfukoni.

"Alifundishwa uashi na babu yake. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Watu wakimtania, anasema ukuta haujui mkono uliouweka."

Fremu aliona, na Mchungaji akaona, kwamba Katibu alikuwa na kalamu katika mkono wake wa kushoto, tayari kuandika, kama alivyoandika maisha yake yote licha ya viboko vya shuleni.

"Sijawahi kuiona sura yake," alisema hatimaye. "Nyumbani hapakuwa na picha hata moja. Nilipouliza, baba alitoka nje."

"Basi mtazame. Na ukimaliza kumtazama, jitafute na wewe."

"Mimi?"

"Mgongoni. Tafuta mguu."

Fremu akampa kioo cha kukuzia. Pale kiunoni mwa yule mwanamke mrefu, ukitokeza kwenye kitambaa cha kubebea, palikuwa na mguu mdogo mnene wa mtoto, vidole vimetanuka kwa joto. Katibu aliutazama mguu wake. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na Mchungaji akamsogezea kigoda kabla hajaanguka na historia yote mikononi.

Yaliyobaki bibi aliyasimulia huku akiendelea kusokota kamba. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha Mwashi aliposhikwa na homa, na kabla mtoto hajatembea, amekwenda. Ndipo maneno yalipoanza. Ikasemwa alipanda kwenye ukuta wa madhabahu kwa miguu yake, mwanamke, mahali patakatifu, na kwamba homa ile haikuwa homa ya bure. Wengine wakasema jengo lina mkosi, wasiingie. Ndipo likawekwa katazo kwamba mwanamke asikanyage madhabahuni, hata kufagia. Na Mwenyekiti, aliyemlilia mkewe hadi akapoteza sauti, aliogopa kanisa litakimbiwa, akaipeleka picha kwa fundi.

"Usimchukie baba yako," bibi alimwambia Katibu. "Alikuwa jasiri kwa mambo mengine. Hilo la midomo ya watu lilimshinda."

"Kwa hiyo ile madhabahu..." alianza Mchungaji.

"Aliijenga yeye. Pembe zote nne. Nendeni mkaipime kwa timazi, kisha mkapime choo kilichojengwa na kamati."

Choo cha kamati kilikuwa kimeinama tangu mwaka wa pili, na kila mtu alijua.

Mtunza Funguo alikohoa. "Lakini kwa nini hukusema miaka yote hii, dada?"

"Nilisema," bibi alijibu. "Niliwasimulia wanawake wenzangu wote. Ninyi mlikuwa mkutanoni."

Katibu alipoinuka alijifuta uso, akairudisha picha juu ya benchi, sasa bila kuikumbatia. "Fundi," alisema, "nilikupa vipimo vya fremu. Vifute. Pima upya."

Fremu alifanya kazi ile siku nne. Alichagua mbao ngumu aliyokuwa ameihifadhi kwa miaka akingoja kazi inayoistahili. Alikuwa na furaha, lakini si furaha tupu. Mara kwa mara aliacha patasi na kumnung'unikia baba yake kimoyomoyo: ungeniambia, mzee, miaka yote ile, neno moja tu. Kisha akikumbuka kwamba mtu yule aliagizwa kukata akathubutu kutokata, na kwamba kwa mtu wa maneno machache yale matatu aliyoandika yalikuwa kitabu, alirejea kazini. Hakuibadili kadibodi ile ya nyuma. Aliitibu dhidi ya mchwa, akachukua penseli, na chini ya mstari wa baba yake akaandika neno moja: *Nimekunjua*.

Wiki ileile Mchungaji alisimama akasema kwamba yeye amesoma maandiko mbele na nyuma, na lile katazo la madhabahuni hakulikuta humo. Wanawake wakaingia na mafagio. Waliondoa vumbi la miaka hamsini na tisa, vitabu vitatu vya nyimbo, mwavuli wa watoto, na miwani ya Mtunza Funguo iliyopotea miaka minne, ambayo alikuwa amemshuku mpangaji wake kuiba.

Siku ya kuadhimisha, Fremu alipanda ngazi yeye mwenyewe kuitundika picha, safari hii ndani ya kanisa, si chumba cha wazee. Vijana watatu walimkimbilia wamshikie ngazi na nyundo. Akawaachia ngazi. Katibu akasimama kusoma historia. Alikuwa ameiandika upya, lakini alipofika pale alipozoea, ulimi ulikwenda wenyewe: "Waasisi wetu tisa..." Akasimama. Akatazama ukutani. "Samahani. Kumi na sita."

"Na mguu mmoja!" alidakia mama mmoja kutoka kwaya.

Kanisa likacheka, Katibu akacheka kuliko wote. Wazee wawili walinyanyuka na kutoka kwa hasira. Mmoja alirudi baada ya dakika kumi kwa kuwa nje jua lilikuwa kali, akakaa palepale, na alipodhani hakuna anayemwona alinyoosha shingo kutafuta kama mama yake yumo. Alikuwamo. Ndiye wa tatu, yule ambaye bibi hakumkumbuka vizuri.

Baada ya hapo karakana haikupumua. Kila ukoo ulitaka nakala ya picha, na wengi walileta picha zao za zamani, za harusi, za mahafali, za timu ya mpira, wakiomba zifunguliwe nyuma, pengine kuna mtu. Mara mbili kweli alikuwapo mtu. Mara nyingi hakuwapo.

Jumatatu moja asubuhi zikasikika funguo kabla ya hodi. Mtunza Funguo aliingia na picha ya ukoo wake imefungwa kwenye gazeti. Alimsalimu bibi kwanza, akaitikiwa, kisha akasimama mbele ya benchi akitazama dari.

"Fundi," alisema, na hakuchungulia nyuma ya mlango. "Nifungulie na hii. Si kwamba nina wasiwasi."

Fremu akang'oa misumari, akainua kadibodi, mzee ameinama karibu naye hadi pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Wakatazama pamoja.

"Hakuna mtu, mzee."

"Hata mmoja?"

"Mende mmoja. Naye ni marehemu."

Mtunza Funguo alikaa kwenye kigoda, amenyong'onyea kama mtu aliyetayarisha chakula na wageni wasije. "Nilikuwa na hakika bibi yangu yumo," alisema. "Alikuwa mtu mwenye maneno sana. Nilidhani lazima watakuwa wamemkunja."

"Alikuwaje?" aliuliza bibi kutoka nyuma ya mbao, kamba ikizunguka vidoleni.

Naye Mtunza Funguo akavuta kigoda kumsogelea, akaweka funguo sakafuni, akaanza kumsimulia.